Ute wa Kambale na Mguu wa Baba

"Mahindi yalimshinda Sigino, leo ataotesha wadudu Bagara?" Huyo alikuwa muuza nyama, jirani yangu wa ukuta kwa ukuta, akiwachekesha wateja wake siku niliyotoka kijijini kwetu Sigino na kutundika kibao cha maabara hapa Bagara, mjini Babati. Mama mwenye nyumba alinikabidhi funguo akasema chumba chake si zizi la magonjwa, na kwamba kabla ya masika nitakuwa nimerudi Dar es Salaam kuosha chupa za watu. Baba yangu mdogo ndiye aliyemaliza kabisa. Alisema stashahada ni karatasi ya mtu aliyeshindwa kuwa daktari.

Niliwaacha waseme. Ni kweli nilianza kwa kuosha chupa. Niliziosha katika maabara ya utafiti, mchana naosha, jioni nasoma, ada najilipia mwenyewe, mpaka nikaipata stashahada na kusimama meza moja na wale niliokuwa nawaoshea. Hakuna aliyenishika mkono. Leseni niliifuatilia mwenyewe. Kabati la joto la kuoteshea bakteria nililiunda kwa jokofu bovu na balbu, nalo likashika joto la mwili wa mtu bila kuyumba. Sijaona lingine kama lile Babati.

Asubuhi nilipima malaria na mkojo ili nile. Mchana nilifanya kazi iliyonirudisha nyumbani. Kule Dar nilijifunza kwamba bakteria wanazizoea dawa zetu moja baada ya nyingine, na kwamba wataalamu wanatafuta dawa mpya kwenye miili ya viumbe: protini zilizomo kwenye machozi, kwenye ute wa yai, kwenye ngozi ya chura. Mimi nilimfikiria kambale wa ziwa letu. Anaishi topeni, anachubuka kwenye mizizi na mawe, na haozi. Nikawa nanunua kambale hai, namkwangua ute, nauchuja, naudondosha kwenye kisahani chenye bakteria ili nione kama watakufa.

Ni wakati huo baba alipojikata kwa jembe juu ya kifundo cha mguu. Hakuniambia. Baba alikuwa mfugaji wa tambarare za Hanang kabla hajahamia Sigino kulima, na alijitibu kama wanavyojitibu wengi. Alinunua kapsuli chache za rangi mbili dukani, akazifungua, akamwaga unga wake juu ya kidonda. Kilipokauka juu, akaacha. Kilipofumuka, akajichoma dawa ya ng'ombe iliyobaki chupani. Nilipoitwa, mguu ulikuwa umevimba hadi gotini na harufu ilinipokea mlangoni.

Hospitali walimlaza na kuanza kumpa dawa. Mimi nilichukua usaha kidogo nikauotesha, na juu yake nikapanga vikaratasi vilivyoloweshwa dawa, kila aina niliyoipata mjini. Dawa ikiwa na nguvu, bakteria hufa kukizunguka kikaratasi, panabaki duara safi. Kesho yake nilipofungua kabati, bakteria walikuwa wamejaa kisahani chote, wamesogea hadi ukingoni mwa kila kikaratasi kama nyasi zinavyolizunguka jiwe. Hapakuwa na duara hata moja.

Kwenye kisahani cha pili nilikuwa nimedondosha ute wa kambale. Hapo duara lilikuwepo, safi, pana kama sarafu. Nilipiga kelele hadi muuza nyama akaja mbio na kisu mkononi.

"Umevamiwa?"

"Tazama hapa! Dawa zote za mji zimeshindwa, mimi nimewaua."

"Kwa kitu gani?"

"Kwa ute wa kambale."

Akainama akakinusa kisahani. "Kambale! Mimi huwa naumwaga. Sasa mpake mzee, unasubiri nini?"

Nilimwonyesha kila aliyepita barabarani siku ile, na sioni kwa nini nisingeonyesha. Habari ikanitangulia wodini.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Nasikia umepata dawa. Umeileta?"

"Ni ya kwenye kisahani, baba. Bado si ya mtu."

"Wale wadudu uliowaua ni wa nani?"

"Ni wako."

"Basi wadudu ni wangu, mguu ni wangu, na mwenye dawa ni mwanangu. Nani mwingine anaombwa ruhusa?"

Baba mdogo alikuwa amekaa pembeni ya kitanda. "Si nilisema? Karatasi."

Daktari alikuwa ameyaona majibu yangu. Alisema dawa kali zaidi ameiagiza, lakini mguu ukiendelea hivyo hadi kesho ataukata kabla haijafika. Kwa hiyo nilikuwa na siku moja. Kitu kimoja kilinisumbua. Kwenye kisahani mlikuwa na bakteria tu, lakini kidonda ni damu tupu. Nilirudi maabara, nikajitoa damu mkononi, nikaichanganya na ute, nikadondosha. Pembeni yake nikadondosha ute mtupu.

Kesho yake ute mtupu ulikuwa na duara lake, zuri kama la kwanza. Pale penye damu hapakuwa na kitu. Bakteria walikuwa wamepita juu yake wakaendelea na safari. Damu yangu ilikuwa imeimaliza ile protini kabla haijafanya lolote. Ningempaka baba, ningekuwa nimempaka tope la ziwa.

Nilimweleza hivyohivyo, bila kuzunguka. Alinisikiliza macho yakiwa darini.

"Kumbe kosa langu ni kuwa na damu," alisema. Halafu akageukia ukutani. "Waambie wakate."

Upasuaji ulihitaji damu, na ndugu ndio tulioambiwa tulete watu wa kutoa. Nilitoa ya kwangu, haikutosha. Sikumwomba mtu. Muuza nyama alikuja na aproni yake, mama mwenye nyumba akaja akilalamika kwamba sindano inamtisha, baba mdogo akakunja shati bila kunisalimia. Wote watatu walilala pale wakatoa.

Mguu ulikatwa juu ya goti. Bakteria walikuwa wameshapanda. Dawa kali ilifika baba akiwa ameshafariki, nasi tukamzika Sigino, kando ya shamba la mahindi yaliyonishinda.

Baada ya matanga niliwaambia wale watatu kwamba wananidai.

"Damu ya marehemu?" muuza nyama akasema. "Hiyo tumesamehe."

"Sikuomba kusamehewa. Nitalipa."

"Kiburi hicho," baba mdogo akasema.

"Ndicho kilichonisomesha."

Nililipa. Baba mdogo alipopasuliwa ngiri, nilikuwa wa kwanza kukunja shati. Mjukuu wa mama mwenye nyumba alipoishiwa damu kwa malaria, nilikuwepo. Hospitali haikubali utoe tena haraka, kwa hiyo kila deni lilikuwa na msimu wake, na katikati nilirudi kwa kambale wangu. Nilijaribu ute wa ngozi, wa mashavu, wa kambale wakubwa na wadogo. Kila mara duara likitokea, niliongeza damu, na kila mara lilifutika.

Muuza nyama alikuwa wa mwisho. Mkewe alipasuliwa akijifungua. Yeye alitoka hai, mtoto hakutoka. Damu aliyoongezewa ilitakiwa irudishwe, nami nikafika kabla ndugu zao hawajamaliza kuulizana nani atatoa. Muuza nyama alisimama kando ya kitanda changu, mikono mitupu, hajui aiweke wapi.

"Ule ute wako," alisema, "umefikia wapi?"

"Bado unakufa kwenye damu."

Hakucheka. Tulitazama pamoja mfuko ukijaa polepole, mwekundu, mzito, kitu kilekile kilichonishinda. Mhudumu alipochomoa sindano alinipa soda. Nilimpa muuza nyama anywe yeye, nikashuka kitandani. Sikuwa nadaiwa tena na mtu yeyote Babati.