Hukumu ilisema mtoto ni wangu mpaka atoke jandoni

Nina miaka themanini na tisa, ninaishi Ujiji peke yangu. Nilizaliwa upande wa Kabambare, masista wa Kasongo wakanifundisha kusoma, na maisha yangu mengi yamepita ukimbizini. Ukurasa huu nausoma kila siku. Leo naomba mnisome mimi, jina langu libaki kwangu.

Enzi za Wabelgiji niliachana na mume wangu, nimwite Ramazani. Tulikuwa na mtoto mmoja, Amuri, hata meno ya utoto hayajaanza kung'oka. Wazee wa tribinali ya shefu, yaani baraza la chifu, walitusikiliza, wakaamua mtoto akae na mimi mpaka atoke jandoni, kisha arudi kwa baba yake. Kwetu wavulana walikuwa wakiingia jando wakiwa wakubwa, ndevu ziko karibu. Nilihesabu nimepewa utoto wake wote. Nilitoka pale nikicheka.

Mtoto alikuwa bado kwa baba yake, naye Ramazani hakumleta. Mara mtoto ana homa, mara mvua imeharibu njia. Nilirudi tribinali hadi wazee wakachoka kuniona, wakanipa polisi wa shefu tufuatane naye. Tulimkuta Ramazani amekaa mbele ya nyumba akisuka mtego wa samaki. Hakusimama.

"Mutoto iko jandoni," alimwambia polisi. "Kama mama yake anamutaka, aende yeye mwenyewe kumutwaa."

Wanaume waliokuwa pale walicheka. Mwanamke hakaribii kambi ya jando, kila mtu alijua. Hata hivyo nilikwenda, polisi akinifuata nyuma, mpaka pale makuti yalipofungwa kukatiza njia. Ng'ambo ya makuti watoto walikuwa wakiimba. Nilitega sikio nitambue sauti ya Amuri, sikuitambua. Polisi alivua kofia yake.

"Mama, mimi ni polisi, lakini ni mutoto wa hapa," alisema taratibu. "Nikimutoa mule kabla hajapona, hata mama yangu hatanipa chakula. Turudi."

Tulirudi. Kambi ilipovunjwa, nilikwenda tena tribinali. Juji, yaani hakimu, mzee aliyenifahamu tangu nikiwa msichana, alishindwa kunitazama usoni.

"Mama Amuri, tulisema mpaka jando. Jando imekwisha. Sasa mutoto ni wa baba yake."

Nilimwambia juji kwamba Ramazani amemtia mtoto mdogo jandoni ili aiue hukumu yao wenyewe. Alikubali kwamba ni kweli. Akasema jando haifutwi. Nilimwendea mzungu wa teritwari, mkuu wa wilaya yetu, naye akajibu kwa mkalimani kwamba mambo ya mila anawaachia wazee. Ramazani alihamia mbali na mtoto, baadaye vita vikaja, nikavuka ziwa. Sikuzaa tena.

Mwezi uliopita mtu wa Kasongo alimpa Amuri namba yangu. Sasa ni mzee, sauti yake nzito kama ya babu yake. Siku hizi ananipigia kila Ijumaa baada ya swala. Ameniambia baba yake alimlea vizuri, hakumpiga, naye Amuri akamzika kwa heshima, na mtoto wake wa kwanza amempa jina la baba huyo. Ijumaa iliyopita aliniuliza:

"Mama, baba aliniambia tribinali ilikupa mimi, na we ukakataa kuja kunitwaa. Ni kweli?"

Nilisema simu inakatika. Haikuwa ikikatika.

Nikimwambia ukweli, namchafulia mzazi pekee aliyemjua, naye hayupo kujitetea. Nikinyamaza, nitazikwa nikiwa mama aliyemkataa mwanawe. Sina mtu wa kumuuliza. Wote walioliona jambo lile wamekufa. Ndiyo maana nawauliza nyinyi, hasa mliolelewa na mzazi mmoja mkaambiwa mwingine hakuwataka. Mngependa kuambiwa ukweli mkiwa tayari na mvi? Nishaurini kabla ya Ijumaa, nimjibu nini mwanangu?