Makopo Mawili ya Mwaloni

Ipo Jumatatu moja ambayo haijanitoka kichwani, mwanangu. Nilikuwa pale soko la samaki la Mwaloni, Kirumba, kando ya ziwa, bado binti, mtoto mgongoni. Miaka ile biashara ilikuwa imeruhusiwa kwa kila mtu. Sangara, wale samaki wakubwa, walikwenda viwandani, sisi wanawake tukashika dagaa. Soko lilichangamka, na harufu ya dagaa ilitufuata mpaka kanisani. Nayatamani maisha yale, siwezi kudanganya. Ila mimi mwenyewe nilikuwa mwizi.

Nilikuwa na makopo mawili ya kupimia dagaa. La kununulia kwa wavuvi nilikuwa nimelitanua tumbo. La kuuzia nilikuwa nimeligonga kitako kikaingia ndani. Juu linaonekana limejaa, chini hamna kitu.

Halafu Jumapili natubu. Kwa kutubu nilikuwa hodari. Napiga magoti mbele, nalia, naombewa, natoka mwepesi. Jumatatu nashika kopo lile lile. Najiambia nitalitupa gunia hili likiisha. Likiisha, nasema lijalo.

Jumatatu ile ninayokwambia akaja Bibi Nyanjige, mama mzee wa kanisa letu, ambaye jana yake nilikuwa nimemlilia begani. Nikamwamkia, akaitikia marahaba, akaomba kopo moja. Nikampimia, nikammiminia kwenye kikapu. Akalichukua kopo tupu, akaingiza mkono, akapapasa kitako.

"Jana ulinilowesha kanga kwa machozi," akasema. "Hili nalo ulimwachia nani alitubie?"

Nikasema nilisahau kulitupa.

"Umesahau kitu unachokishika kutwa? Binti, wewe unamlilia Mungu akusamehe, hujamwomba akuachishe. Chukua jiwe."

Nikagonga mpaka kitako kikarudi mahali pake. Wateja wakauliza kulikoni. Bibi akanitazama mimi nijibu. Nikajua nikidanganya pale, sitatubu tena maishani. Nikisema kweli, huenda wateja wakanihama na mtoto akakosa uji. Nikasema. Nikawainulia lile kopo, nikawaeleza nilivyokuwa nawapunja.

Mama Koku, jirani yangu wa meza, akacheka mpaka akajishika mbavu. "Kumbe siku zote mwenzetu alikuwa anatuuzia kitako!"

Wengine waliondoka, hawakurudi kabisa. Kopo la kununulia nililiponda, nikawafuata wavuvi niliowapunja, nikawaomba radhi mmoja mmoja. Wapo walionitukana. Na usidhani nilipona siku ile. Mkono ulikuwa umezoea. Hata kwa kopo zima nilijikuta nafagia juu kwa kidole ili dagaa wapungue. Ndipo nikamwendea yule yule Mama Koku, nikamwomba awapimie wateja wangu yeye. Alinipimia masika yote, na hakuacha kunitania hata asubuhi moja.

Sasa nisikilize wewe unayetubu dhambi moja kila Jumapili, iwe pombe, iwe uongo, iwe mke wa mtu. Kulia si kubaya, ila machozi yanakauka kabla hujafika nyumbani. Kile unachofanyia dhambi kitoe mkononi leo. Uliyemkosea mwendee, hata akutukane. Mtafute mtu mmoja anayekuona kila siku umwambie, hata kama ndiye atakayekucheka. Na ukianguka tena, tubu siku hiyo hiyo, usingoje kengele ya kanisa. Mungu hajachoka kukupokea. Wewe ndiye unayechoka, kwa sababu kuficha ni kazi.

Bwana akujalie moyo wa kuacha, mwanangu, si wa kujuta tu. Aitakase mikono yako, na akuinue kila utakapojikwaa, mpaka uzeeke kama mimi. Amina.