Bibiana, Msugua Nyayo

Kwenye baraza la Rabia, fundi wa kushona nguo pale Ifakara, siku hizi inasikika cherehani peke yake. Zamani kulikuwa na sauti nyingine chini yake, sauti ya jiwe likipita juu ya kisigino, kavu na ya taratibu, kama mtu anayefagia uwanja wa mbali. Wateja bado wanakuja. Wanapanda wakichechemea, wanatazama pembeni palipokuwa na beseni, kisha wanamtazama Rabia kana kwamba yeye ndiye aliyemficha mtu.

"Hayupo," Rabia huwaambia. "Na msinivulie viatu, mimi nashona nguo tu."

Asiyekuwepo ni Bibiana. Alizaliwa Mofu, kwa wakulima wa mpunga waliohamia shambani kila msimu na kuishi kwenye dungu, kibanda cha juu ya nguzo, mpaka mavuno. Akaolewa na Venance, mkata miwa, akamfuata kwenye mashamba ya miwa, na huko ndiko miguu ilikomfundisha. Venance alikuwa amenunua buti za mtumba zilizombana. Kidole chake cha mwisho kikaota sugu ngumu kama punje ya hindi, yenye kiini kilichomchoma kila alipokanyaga. Wenzake walimshauri wembe. Bibiana aliuogopa wembe. Alimloweka mguu kwenye maji ya uvuguvugu yenye chumvi, akasugua kwa jiwe, kidogo leo, kidogo kesho, akapaka mafuta ya nyonyo, mpaka kiini kikalegea. Kisha akamwambia aziuze zile buti.

"Sugu haioti bure," alimwambia. "Ukiitoa ukaacha kinachobana, unapiga deki na paa linavuja."

Majirani wakaanza kuja na miguu yao. Venance alipofariki, Bibiana alihamia Ifakara, akamwomba Rabia pembe moja ya baraza, akaweka beseni.

Wakulima walikuja kwa wingi baada ya mavuno, visigino vimepasuka magaga ya kuingiza hadi ncha ya kidole. Kabla hajagusa mguu aliuliza, "Bado unaingia shambani?" Aliyejibu ndiyo alisuguliwa magaga, akapunguziwa sugu, lakini aliachiwa tabaka ya ngozi ngumu. Bibiana aliamini kwamba anayelima peku amejishonea kiatu kwa ngozi yake mwenyewe, na si vizuri kumvua mtu kiatu akiwa katikati ya safari. Wengine walinung'unika kwamba kazi haijaisha. Aliwaacha wanung'unike.

Novemba iliyopita, mvua za kupandia zikiwa zimeanza kunusanusa milimani, pikipiki ilisimama mbele ya baraza na dada yake Angelina akateremshwa kama mzigo. Angelina ndiye aliyebaki Mofu na shamba la wazazi wao.

"Shikamoo dada."

"Marahaba. Usinitazame usoni, mdogo wangu. Tazama mguu."

Alifungua kipande cha khanga. Chini ya dole gumba, mahali palipokuwa na sugu iliyomsumbua tangu mwaka juzi, palikuwa pekundu, pamelika.

"Umeweka nini hapa?"

"Utomvu wa papai bichi. Mofu wote wanaweka."

"Wanaweka tone, juu ya sugu tu. Wewe?"

Angelina akatazama barabarani. "Nilipaka unyayo mzima, nikafunga na nailoni. Nikalala nao."

Rabia alisimamisha cherehani. "Dada Angelina, nyama hupakwa papai ikingoja sufuria. Wewe ulikuwa unangoja nani akupike?"

Wakacheka wote watatu, na Angelina alicheka mpaka machozi yakamtoka. Kicheko kikaisha, machozi yakabaki.

"Nilitaka iondoke kabla ya mvua," alisema. "Msimu uliopita nilishindwa kusimama kwenye tope, nikapanda nusu. Ile nusu nyingine Fridolin jirani ameshaipitisha jembe la ng'ombe. Anasema shamba lisilo na mguu wa mtu halina mwenyewe. Nisipopanda mwaka huu, atamaliza lililobaki."

Bibiana hakutia mguu ule kwenye beseni. Alimpeleka hospitali, kidonda kikasafishwa, na muuguzi akasema asikanyage tope mpaka kifunge kabisa.

"Nitavaa buti," Angelina alisema walipokuwa wakirudi.

"Kwenye tope la Mofu? Buti zitabaki huko, wewe utarudi peku."

"Basi nani atapanda? Maana wazazi wetu hawafufuki."

Jioni Bibiana aliketi mlangoni, akaigeuza miguu yake mwenyewe kwenye mwanga. Miaka yote aliyochunga tabaka za wenzake, zake zilikuwa zimeondoka bila kusuguliwa na mtu. Hakukumbuka zilipoondoka. Ziliondoka labda kama lugha ya nyumbani inavyomtoka mtu, neno moja moja, huku anadhani bado anaijua. Alipitisha kidole unyayoni na unyayo ukatekenyeka.

"Nitakwenda mimi," alisema.

Angelina akamtazama kuanzia chini. "Na hizo nyayo za bibi harusi?"

"Ndizo nilizonazo."

"Utalia, Bibiana."

"Nitalia nikipanda."

Na alilia kweli. Mabua ya msimu uliopita yalimkata siku ya kwanza, chini ya maji, asione kinachomkata. Jioni alipanda dunguni, akaosha miguu kwa maji ya chumvi, akapaka nyonyo, asubuhi akashuka tena. Fridolin alikuja mpakani, akasimama, akamtazama akichomeka miche huku anauma midomo. Akamsalimia. Akageuza ng'ombe wake. Ile nusu aliyoilima hajairudisha, na shauri hilo bado liko kwa mwenyekiti wa kitongoji, lakini hakuongeza hata hatua moja.

Kidonda cha Angelina kimefunga. Anakaa kwenye chumba cha mdogo wake Ifakara, na bado anakanyagia kisigino. Bibiana yuko Mofu, juu ya dungu la wazazi wake, anafukuza ndege kwenye mpunga.