Dua Ambayo Bibi Hakuiomba

Alhamisi moja ya mwezi uliopita nilikuwa Malindi kwa arusi ya binamu yangu, na baada ya alasiri nikapita kwenye uchochoro wetu wa zamani. Nilisimama pale kwenye kona nikawa nanusa. Usinicheke, msomaji wangu, kila mtu ana mahali pake pa kufanyia ujinga huo. Nilikuwa natafuta harufu ya iliki na mbaazi za nazi, nikaambulia rangi mbichi ya ukutani na moshi wa tuktuk. Hakuna aliyekuwa akipita na sinia.

Mwanzoni mwa miaka ya themanini, Alhamisi kwetu ilikuwa siku ya wafu. Bibi mzaa baba aliamka mapema kukanda unga, na ilipofika alasiri alikuwa amepanga sahani saba za mahamri na mbaazi, kila sahani na marehemu wake. Kisha alikaa kwenye mkeka akasoma Yasini na kuwataja wafu wake kwa majina, mmoja baada ya mwingine, bila haraka. Mimi nilikuwa na miaka kumi, na kazi yangu ilikuwa kuzipeleka. "Hii ya babu yako, mpe fundi wa majiko. Hii ya shangazi yako, alikufa mdogo, wape watoto wa pale kisimani." Nami nilibeba sinia kichwani nikijiona mtu mkubwa kupita wenzangu wote.

Alipomaliza majina, Bibi alisema kwa sauti ya chini: "Na yule, bado."

Nilijua yule ni nani. Alikuwa rais wa zamani, aliyekuwa ameshakufa miaka kadhaa na kuzikwa kwa heshima zote. Katika nyumba nyingine walimwita baba wa taifa. Bibi hakumwita kwa jina lolote.

Kijiji cha Bibi kilikuwa kaskazini, mbali kupita mto Tana, upande wa bara unaotazamana na visiwa. Vilipokuja vita vya msituni miaka ya sitini, serikali iliamua watu wa vijiji vile waondoke, ili wapiganaji wasipate chakula wala pa kujificha. Waliambiwa ni kwa muda, vita vikiisha watarudi. Bibi aliondoka na watoto wawili, baba yangu na dada yake mdogo, sufuria moja na mkeka. Yule binti mdogo alishikwa na homa njiani, akafia mahali ambapo Bibi hakuweza hata kupajua jina. Babu alirudi nyuma kutazama ng'ombe, na mpaka leo hatujui aliuawa na watu wa msituni au na askari. Vita viliisha, na hakuna aliyewaambia warudi. Shamba lao la minazi likaliwa na kichaka.

Ajabu ni kwamba Bibi hakuwachukia walioshika bunduki. "Wale walitumwa," alikuwa akisema. "Mimi namtaka aliyetuma." Wala hakumnyima mtu haki yake: alikiri kwamba shule niliyosoma na zahanati tuliyotibiwa vilijengwa siku za utawala wake. Lakini kuhusu kusamehe alikuwa na neno moja tu. Haki ya Mungu, Mungu mwenyewe ataisamehe. Haki yake yeye, mtu huyo atamwomba yeye radhi. Na hakuwa ameombwa.

Sahani ya saba ilikwenda kwa jirani. Alikuwa mwanamke Mkristo kutoka bara, akifua mashuka katika hoteli moja ya watalii, mikono yake ikinuka dawa ya kufulia hata siku ya Jumapili. Mumewe alikuwa mwanajeshi, na alikufa katika vita vile vile, gari lao lilipokanyaga bomu. Ukutani kwake picha ya mume na picha ya rais wa zamani, iliyokatwa gazetini, zilikuwa bega kwa bega. Siku Bibi alipoyajua hayo alikaa siku tatu hamsemeshi. Alhamisi ikaja, akaongeza sahani. "Mpelekee jirani, umwambie ni ya mumewe. Alikufa mbali na kwao, nani atamsomea?" Jirani alikuwa haijui Yasini, lakini aliyala yale mahamri yote, na sahani haikurudi tupu hata siku moja.

Walibishana sana, wale wawili, wakichagua mchele barazani kwetu. Jirani alishikilia kwamba bila amri ile nchi ingegawanyika vipande. Bibi alimwuliza kama nchi ile ilimhesabu na yeye. Nilikuwa mdogo, lakini nilikuwa naona kwamba jirani hawezi kuukubali upande wa Bibi, kwa maana akikubali kwamba rais alikosea, mume wake amekufa bure. Na Bibi akisamehe, nyumba yake na binti yake vinakuwa si kitu. Basi waliendelea kuchagua mchele.

Siku hizo watu walikuwa wamejifunza kunong'ona. Kulikuwa kumetokea lile jaribio la kupindua serikali, na tangu hapo watu wazima walikuwa wakikatisha maneno katikati mtu wa ofisi ya chifu akipita. Mzee wa mtaa, mjumbe wa chifu, alianza kupita na baiskeli yake hata pasipokuwa na la kumpitisha. Alikuwa mpole, alipenda mahamri, alitusalimia watoto kwa majina. Hilo ndilo lililonitisha baadaye, kwamba alikuwa akitujua sote kwa majina.

Na baba alikuwa hana kitambulisho. Alifanya kazi kwenye mashamba ya chumvi huko Marereni, kibarua wa siku kwa siku, na miguu yake ilikuwa imepasuka kwa chumvi mpaka akivua viatu Bibi aligeuza uso. Mara mbili aliteremshwa kwenye basi penye kizuizi cha polisi na kulazwa kituoni. Walimwuliza kwao ni wapi. Alitaja kijiji, nao wakamwambia kijiji hicho hakipo. Njia iliyobaki ilikuwa chifu aandike barua kwamba mtu huyu ni wa Malindi, na barua ilikuwa mezani kwa chifu miezi mingi, haijatiwa sahihi. Mtu mmoja aliyeshikwa barabarani pamoja na baba alipelekwa mahali pasipojulikana, na mkewe aliacha kuulizia.

Basi ikakaribia siku ya kumkumbuka rais wa zamani. Chifu alitaka baraza kubwa kwenye uwanja wa shule, sheikh aombe, mchungaji aombe, kisha bibi mmoja katika wale waliohamishwa na vita atoe neno na dua kwa niaba ya kina mama. Mzee wa mtaa akaegemeza baiskeli ukutani kwetu. "Chifu amekuchagua wewe, mama. Ni heshima." Alipoondoka, baba alipiga magoti mbele ya Bibi. Sikuwahi kumwona baba amepiga magoti kwa mtu.

"Mama, ni maneno mawili tu."

"Kwako wewe ni maneno mawili," Bibi akasema. Lakini akasema atakwenda.

Siku hiyo jua lilikuwa kali na uwanja umejaa. Mimi niliketi miguuni pa Bibi, nimeshika mkoba wake. Aliposimama mbele ya kipaza sauti aliwaombea waliokufa vitani wote: wa msituni, wa vijijini, watoto waliokufa njiani. Akamwombea mume wa jirani yake, mwanajeshi, aliyekufa mbali na kwao. Nilimwona jirani kule nyuma akijifuta macho kwa kitambaa cha kichwa. Kisha Bibi akasema amin, akageuka arudi kitini.

Chifu akainama akamwambia kwa upole, lakini kipaza sauti kilikuwa wazi, "Mama, umemsahau mwenyewe."

"Sijamsahau, mwanangu. Yule simsahau. Lakini hajaniomba radhi, na mimi siitoi radhi nisiyoombwa."

Chifu alicheka kidogo, akasema wazee wetu ndivyo walivyo, akakiondoa kipaza sauti. Mpaka leo nikikisikia kicheko cha namna ile natazama mlango uko wapi. Baba alikuwa amesimama penye ukuta wa darasa, akimtazama chifu, si Bibi.

Alhamisi iliyofuata nilitoka na sinia kama kawaida. Fundi wa majiko hakunyanyua kichwa. "Mwambie Bibi leo tumeshiba." Pale kisimani watoto waliitwa ndani na mama zao. Nyumba ya nne walifunga mlango nikiwa bado niko njiani, nami nikasikia komeo. Sinia nzito vile sijabeba tena maishani. Jirani peke yake ndiye aliyepokea sahani yake. Sahani sita nilizirudisha nyumbani, na Bibi akazifunika kwa kawa, mbaazi zikachacha.

Siku ya pili yake, baada ya sala ya alasiri, mzee wa mtaa alikuja na mtu aliyevaa shati jeupe, mwenye daftari. Sikuwahi kumwona mtu yule. Baba alikuwa barazani, kwa maana Marereni alikuwa haendi tena kwa kuogopa kizuizi. Bibi alikuwa amelala chumbani, pazia limeteremshwa. Mwenye shati hakumwuliza baba kitu. Aliniita mimi.

"Wewe ndiye unayebeba sahani za Alhamisi?"

"Ndiyo."

"Kila sahani ina marehemu wake, si ndivyo? Bibi yako huwataja."

"Ndiyo."

"Rais wetu wa zamani, sahani yake ipo?"

Niliitazama miguu ya baba. Alikuwa bila viatu, na nyufa zake zilikuwa na weupe wa chumvi isiyotoka hata kwa sabuni. Nikasema ipo. Akauliza hupelekwa kwa nani, nikasema kwa jirani, ile ya saba. Akauliza kama Bibi humwombea. Nikasema humwombea kila Alhamisi, wa mwisho, kwa sauti ya chini. Nusu ya maneno hayo yalikuwa kweli, ndiyo maana yalitoka vizuri.

Wakamwita jirani. Alikuja na mikono iliyolowa, akaulizwa kama sahani ya rais huletwa kwake. Alinitazama, akamtazama baba, akatazama lile pazia. Ilikuwa sahani ya mume wake. "Ndiyo," akasema, "ya rais huletwa kwangu." Mwenye shati aliandika. Mzee wa mtaa akanipapasa kichwa, akaomba maji, akanywa, wakaenda zao.

Bibi alitoka na birika la kutawadhia. "Nilikuwa macho," akasema. Baba akajifanya anatafuta viatu. Bibi alikaa kwenye kizingiti akaosha miguu yake polepole, kisha akanitazama kwa macho ambayo hayakuwa na hasira hata kidogo, na ningefurahi yangekuwa nayo.

"Umemsamehe kwa kinywa changu," akaniambia.

Angeweza kutoka nyuma ya pazia na kusema kweli yake. Alinyamaza kwa ajili ya mwanawe. Nilikuja kulielewa hilo nikiwa na watoto wangu mwenyewe.

Barua ilitiwa sahihi. Kitambulisho kilikuja, na penye nafasi ya kwao mtu pakaandikwa Malindi. Baba alilala nacho chini ya mto, na baada ya miezi michache akaajiriwa kazi ya kudumu. Bibi alikishika kile kitambulisho, akakigeuza mbele na nyuma akitafuta jina la kijiji chake, akakirudisha. "Mungu akubariki nacho," akamwambia baba.

Mimi hakunituma tena. Alizipeleka sahani mwenyewe, kwa mkongojo, na majirani walianza kuzipokea tena mmoja mmoja. Zilikuwa sita. Wiki nne alipita mlangoni kwa jirani bila kusimama. Ya tano, jirani alikuja mwenyewe na sahani yake tupu, akasimama nje, akasema, "Mama, ile ilikuwa ya mume wangu. Nilimnyang'anya chakula chake mbele ya watu." Bibi aliichukua ile sahani akaijaza. Walilia pamoja, na sikuwasikia tena wakibishana.

Baada ya miaka miwili Bibi aliugua ugonjwa wake wa mwisho. Desturi yetu unaijua: mgonjwa huomba radhi kwa watu, na watu huja kuomba radhi kwake, ili asiondoke na haki ya mtu wala kuacha yake. Walikuja wote, hata mzee wa mtaa, na wote aliwasamehe. Zamu yangu ilipofika nilishika mkono wake.

"Bibi, niwie radhi."

"Kwa lipi?"

Sikuweza kulitaja. Nikasema kwa yote. "Yote nimekusamehe, mjukuu wangu," akasema. Akapumzika, pumzi yake ilikuwa fupi. "Lakini ile radhi ya yule umeshaitoa wewe. Sina tena cha kumpa wala cha kumnyima. Kaa nayo."

Sasa watu wanazungumza waziwazi, tena kwa kelele. Kwenye redio, misibani, kwenye meza za chai, wanampima rais yule: alijenga hiki, alibomoa kile, vita vile angefanya nini kingine. Vijana wana maswali mazuri kuliko tuliyokuwa nayo sisi. Jirani alirudi kwao bara na huko akafa. Baba naye ametangulia. Kijiji cha Bibi, nilikwenda mara moja kukitafuta, nikakuta miiba na ukuta mmoja wa msikiti.

Watu wanaponigeukia na kuniuliza mimi nasemaje juu ya rais yule, nanyamaza, nao wanadhani ni uoga wa zamani. Si uoga. Aliyekuwa na haki ya kumsamehe amekwisha kufa, na mimi nilimsamehe nikiwa na miaka kumi, mbele ya mtu mwenye daftari, na ikaandikwa. Sijui kama huko waliko, yeye na Bibi, msamaha ule unahesabika.