Mama Alimrudisha Opiyo Nyumbani Kila Jioni

Pacha wangu Opiyo tulimzika Aprili 1999. Mwezi wa sita, jioni, nimefika mlangoni na mtungi wa maji, nikamsikia mama akiongea naye.

"Opiyo, umerudi? Haya, pumzika."

Nikasimama hapo hapo. Mtungi nusura uniponyoke.

Kabla hamjaanza kuandika huko chini kwamba ni bangi, sijawahi kuvuta. Siku hiyo hata chakula cha mchana sikuwa nimekula.

Acha nianze mwanzo.

Tulikuwa tunakaa Otonglo, barabara ya Busia, chumba kimoja cha mabati. Mama yetu, Rosa, alikaanga mgongo wazi kando ya barabara. Kwa msiojua, viwanda vya samaki vilitoa minofu ya mbuta vikaipeleka ng'ambo, sisi wenye ziwa tukabaki na kichwa na mifupa, ndiyo mgongo wazi. Tuliila hiyo mifupa na tukawa warefu kuliko mlango.

Baba alifariki tukiwa darasa la tano. Tukabaki watatu.

Opiyo ndiye aliyetangulia kuzaliwa, mimi Odongo nikafuata. Kwa Wajaluo majina ya pacha hayana mjadala. Alinizidi dakika chache tu, lakini ungemsikia akinituma dukani ungedhani amenizaa.

Mwaka wa 1998 tulikuwa na miaka kumi na tisa, kazi hakuna. Opiyo alikuwa amejifunza mwenyewe kutengeneza redio. Akamtengenezea mjomba wa rafiki yetu Idd redio yake iliyokufa, na mjomba akamlipa kwa mchezo wa mkononi aliotoka nao Dubai.

Kalikuwa kadude ka kijivu, kioo kidogo cha kijani, na kaseti moja imechomekwa mgongoni.

Jamani, ule mchezo!

Unapewa visiwa saba uzurure. Hakuna wa kukuamrisha uanzie wapi. Ukitaka mlimani, panda. Ukitaka ziwani, ingia. Ziwa letu mwaka huo lilikuwa limefunikwa na gugu maji mpaka boti zinakwama, lakini la kwenye mchezo lilikuwa wazi kabisa, maji mpaka mwisho wa kioo.

Na kila mahali kuna viumbe. Wengine wamejificha kwenye nyasi, wengine hutoka mvua ikinyesha tu. Unawakamata, unawapa majina, wanakufuata nyuma ukitembea. Opiyo aliwapa majina ya kwetu. Samaki mwenye miguu akamwita NGEGE. Kobe anayetema moto akamwita OPUK, ambalo ni kobe tu kwa Kijaluo, lakini alijiona amebuni kitu.

Sasa nitaukosoa, maana sitaki mseme nausifu tu. Ulikuwa mbovu. Waliouunda walikuwa na haraka ya kwenda nyumbani. Kisiwa cha tatu kulikuwa na ukuta ambao ukiusukuma unapenya, unaanguka kwenye giza lililojaa tarakimu, na hutoki humo mpaka uzime. Kulikuwa na ndege mkubwa mweupe ambaye kila ukikaribia kumkamata, kioo kinaganda. Opiyo alimjaribu mara thelathini na ushei.

"Huyo hashikiki," nikamwambia. "Ni makosa ya wenye kutengeneza."

"Omera, ndugu yangu, wewe huna imani," akajibu, akazima, akawasha, akaanza upya.

Lakini ubovu mkubwa ulikuwa huu: nafasi ya kuhifadhi safari ilikuwa moja tu. Mtu mwingine akianza yake, ya kwanza inafutika. Kwa hiyo msafiri aliitwa OPIYO, na mimi nilicheza kwa jina lake. Nilikubali shingo upande. Tulipigana kidogo kwanza.

Aprili ya mwaka uliofuata Opiyo akashikwa na malaria. Jumatatu alilalamika kichwa. Alhamisi hakuwa akitujua. Ijumaa asubuhi akatuacha.

Hapo sina maneno mengine. Miaka imepita na bado sina.

Tukampeleka nyumbani, Awasi. Sijui kwa wengine, lakini boma letu lina mwiko wake: pacha haliliwi. Nyanya yetu, Dani Dorca, mama yake baba, alisimama mlangoni na fimbo akawanyamazisha wanawake waliokuwa wakija na nduru.

"Huyu haliliwi," akasema. "Mkimlilia ataona mnamtaka. Atarudi kuchukua mwenzake."

Akaninyoshea fimbo, watu wote wakanitazama.

Mama alipomlilia baba alipoteza sauti wiki nzima. Kwa Opiyo aliketi kwenye mkeka kimya, ameuma leso. Nilijua ananyamaza kwa ajili yangu. Nilimwona akitetemeka mabega na nikajichukia kwa kuwa hai.

Tukarudi Otonglo. Jina la Opiyo halikutajwa tena ndani ya nyumba ile, si na mama, si na mimi.

Sasa mnaelewa mambo ya mtungi.

Nikachungulia. Mama alikuwa kwenye kigoda, bado na aproni ya samaki, ameshika ule mchezo kwa mikono miwili. Mle ndani msafiri ana nyumba yake, na kila akiingia, mwanamke mmoja aliyesimama jikoni anamsalimu kwa Kiingereza cha kuokoteza: OPIYO, YOU COME BACK. REST NOW. Mama aliacha shule darasa la sita, lakini hayo aliweza kuyasoma.

"Mama?"

Akauficha ndani ya leso. "Nilikuwa napanguza tu vumbi."

"Mama, nimekusikia."

Akaufunua tena.

"Si mimi nasema jina yake," akasema. "Ni hii kitu inasema. Mimi najibu tu."

Nikautua mtungi, nikaketi chini kando ya kigoda chake.

Tangu siku hiyo ikawa desturi. Saa kumi na mbili jioni anatoka sokoni, ananawa mikono, anamtembeza OPIYO kutoka nyumbani mpaka ufukweni, kisha anamrudisha. Mwanamke wa jikoni anasalimu. Mama anajibu. Anahifadhi, anazima, anapika.

Kukamata viumbe alikataa katakata. Nilijaribu kumfundisha.

"Wacha watoto wa wenyewe," akaniambia. "Mama yao anatafuta wao."

Nisiwadanganye, mwanzoni roho iliniuma. Visiwa saba, na yeye hatoki uani! Lakini nikamwangalia uso akizima ule mchezo. Ulikuwa umelegea kidogo. Ilikuwa mara ya kwanza tangu Awasi, basi nikafunga mdomo wangu.

Mwezi wa nane mambo yakaharibika. Kwanza saa ya mle ndani ikasimama, jua haliingii wala halitoki. Kisha majina yakaanza kuoza. NGEGE akawa herufi mbili na vimraba. Jioni moja mama akaniita kwa sauti ya hofu.

"Odongo, kuja uone. Mbona huyu mama anamwita hivi?"

Kioo kilisema: OPI O.

Nikamwambia ni vumbi. Usingizi ukanipaa usiku ule. Kesho yake nikamkimbilia Idd, ambaye alijua mambo ya hivi vitu kuliko sisi.

"Maze, ndani ya kaseti kuna jiwe moja ndogo, betri kama ya saa," akasema. "Hiyo ndio inashikilia kumbukumbu. Sasa imechoka."

Nilisikia neno moja tu: imechoka.

Wenzangu mliokua na redio mnajua. Mawe ya redio, yaani betri, yakichoka, hukimbilii dukani. Unayaanika juani juu ya bati, na jioni yana nguvu ya taarifa ya habari mbili tatu. Kila nyumba ilifanya hivyo. Bibi, babu, mwalimu, mchungaji, wote walianika mawe. Ningekuwaje mimi wa kujua tofauti?

Jumamosi, mama akiwa sokoni, nikayeyusha kalamu ya biki kwa kiberiti, nikaibonyeza kwenye skrubu ikapata umbo lake, nikafungua kaseti. Jiwe lilikuwa pale, dogo kama kifungo, limebanwa na vibati viwili. Nikalitoa. Nikaliweka juu ya mabati saa nne asubuhi, nikalilinda dhidi ya kuku wa jirani mpaka saa nane.

Nikalirudisha. Nikawasha.

WHAT IS YOUR NAME?

Nikazima. Nikawasha.

WHAT IS YOUR NAME?

Sikuelewa mara moja. Nilidhani ni lile giza la kisiwa cha tatu, kwamba nikizima vizuri zaidi litaondoka. Nilizima na kuwasha mpaka kidole kikauma. Ndipo nikaelewa kwamba kumbukumbu haikuwa ikisubiri mahali jiwe liote jua. Dakika niliyolitoa, Opiyo alikwisha.

Yaani nilimuua mara ya pili, kwa mikono yangu, nikifukuza kuku.

Nikaenda nyuma ya bafu nikalia. Nililia kwa sauti, nikimwita jina, kamasi na machozi pamoja. Miezi minne yote ilitoka pale ukutani. Nilipomaliza ndipo nikakumbuka fimbo ya Dani. Nilikuwa nimemlilia pacha.

Nikajiambia kama ni kuchukuliwa nichukuliwe, lakini kwanza nimrudishie mama mtoto wake.

Nikamdanganya kwamba mchezo uko kwa Idd unatengenezwa. Idd akapata jiwe jipya kwa fundi wa saa mjini. Swali la jina likaja, nikaandika OPIYO. Kisha nikacheza siku kumi na moja mfululizo, nyumbani kwa Idd, sili vizuri, nikimtafuta kila kiumbe aliyekuwa naye na kumpa jina lile lile, NGEGE mbele, OPUK nyuma, mpangilio ule ule. Nilimsimamisha pale pale jikoni alipokuwa ameachwa.

Ndege mweupe alipita. Sikumgusa.

Nikamletea mama. Akamtembeza OPIYO mpaka ufukweni, akamrudisha, mwanamke wa jikoni akasalimu. Jina lilikuwa kamili.

"Umemtengeneza vizuri," mama akasema.

Nikashukuru Mungu, na nikaona haya kuliko siku zote za maisha yangu.

Miezi ikapita. Kila jioni namtazama akiongea na mtu niliyemghushi mimi. Kila "umerudi?" ilinichoma. Alipocheka kidogo, ndipo iliponiuma zaidi.

Desemba nikapata kazi Eldoret, kwenye duka la redio. Siku ya kuondoka, begi liko mlangoni, nikashindwa kutoka.

"Mama, kuna kitu nimekuficha."

"Sema."

"Yule si Opiyo. Ile safari yake niliifuta. Hii ni mimi nilicheza. Nisamehe, mama."

Hakugeuka. Alikuwa akipanga mifupa ya samaki kwenye karai.

"Najua," akasema.

"Unajua nini?"

"Hiyo Jumamosi nilirudi kuchukua chumvi. Nikasikia mtu nyuma ya bafu. Nikaona wewe. Ulikuwa unalia na kuita jina yake."



"Kwa nini hukuniambia?"

"Ningesema nini, nyathina? Nilirudi soko bila chumvi. Nilijua sasa nimezika nyinyi wote wawili."

"Lakini kila jioni ulikuwa unacheza. Unamjibu."

"Hiyo kitu nilikuwa nashika tu." Akapangusa mikono kwenye aproni. "Nilikuwa naangalia wewe. Ukikohoa, naamka. Ukilala sana, naweka mkono kwa pua yako nisikie kama pumzi iko. Nikasema ikifika mwezi wa tisa Opiyo atachukua wewe. Ikaisha. Wa kumi ikaisha. Wa kumi na moja."

Akaja akanishika kidevu, kwa nguvu, kama mtu anayekagua maembe sokoni.

"Ulimlilia, Odongo," akasema. "Na bado uko."

Nilidhani ataendelea. Badala yake akaketi sakafuni, akavua kitambaa kichwani, akafungua mdomo.

Nduru ile sijaisikia tena popote. Ilitoka mwezi wa Aprili ikafika Desemba. Karai likamwagika. Jirani yetu Seline akaja mbio, unga mikononi mpaka kwenye viwiko.

"Yawa, Rosa! Nani amekufa?"

"Opiyo," mama akasema. "Opiyo wangu amekufa."

Seline alikuwa ametuchangia kwenye ule msiba. Hakuuliza la pili. Aliketi kando yake na unga wake, akalia naye. Wakaja wengine, wachuuzi wa sokoni, na hakuna aliyeuliza kwa nini leo. Mimi nililia mpaka gari la Eldoret likaniacha, na sikulijutia.

Funzo? Mnapenda mafunzo nyinyi. Dani Dorca alinipenda, sina kinyongo naye. Aliogopa kubaki bila mjukuu hata mmoja. Lakini kama nyumbani kwenu kuna mtu mmemkataza kulia kwa sababu mnamlinda mwingine, mwacheni alie. Na yule mnayemlinda, muulizeni kwanza kama anataka kulindwa kwa bei hiyo.

Mimi hakuna aliyeniuliza. Ningesema lieni, lieni sana, hata kama nitachukuliwa.