Ndoo Tano Nyuma ya Jiko

Mimi si mtu wa kudanganywa kirahisi. Binti yangu aliporudi Butiama kutoka chuoni na kuniambia atawasha taa kwa maji machafu, nilijua kuna namna.

Alipanga ndoo tano nyuma ya jiko. Alitia tope la ziwani alilolibeba kutoka Musoma, akajazia maji niliyooshea sato na vyombo. Kisha nikamkuta anapasua betri kuukuu za redio, anachomoa vile vijiti vyeusi vya katikati.

"Kumbe betri!" nikasema.

"Mama, hizi zilishakufa. Nachukua kijiti tu, cha kupitishia umeme. Umeme unatoka kwa vijidudu, vinakulaga uchafu."

Vijidudu! Baada ya siku kadhaa kitaa chekundu kikawaka, kidogo kama kile cha rimoti. Nilifuata kila waya kwa kidole, nikachungulia chini ya ndoo, hata begi lake nikalipekua alipokwenda kuoga. Sikuona kitu, na hapo ndipo mashaka yalipozidi. Mwalimu wake angekuja Jumatatu kukagua. Bila taa hakuna maksi, na bila maksi asingemaliza chuo. Niliogopa ataumbuka mbele ya watu.

Jumamosi ilikuwa zamu yangu kupokea jumuiya. Ndoo zilinuka mpaka sebuleni. Nikafanya kile tunachofanya chooni siku zote: kopo la majivu kila ndoo. Harufu ikakata, tukasali rozari yetu vizuri.

Jumapili asubuhi kitaa kilikuwa kimezimika.

"Si nilisema? Betri imeisha," nikamwambia, na nakiri nilifurahi.

Alishinda amechuchumaa akikaza nyaya, akiandika na kufuta. Jioni akasema polepole, "Labda ulikuwa sahihi, mama. Labda nimejidanganya mwenyewe."

Roho ikaniuma. "Zilikuwa zinanuka, mwanangu. Niliweka majivu, kama tunavyowekaga chooni."

Alichovya kidole kwenye ndoo ya kwanza, akakitazama. "Majivu yanaua vijidudu, mama. Ulikuwa unajua?"

"Ningejuaje? Hata kuamini kwamba vipo nilikuwa sijaamini!"

Alinitazama vile nilivyokuwa nikimtazama yeye siku zote zile. Kisha akachukua begi lake sebuleni, akaingia nalo chumbani, akafunga mlango kwa ufunguo.