Taulo la Mgeni

Saa kumi na dakika ishirini alasiri, kocha aligonga ringi ya gurudumu la lori iliyokuwa kengele yetu, na mdogo wangu akaingia ulingoni kwa mara ya kwanza. Alikuwa na miaka ishirini na minne. Tangu apunguzwe kazi kiwandani alikuwa akila na kulala nyumbani kwangu bila kusema neno. Ngumi tu ndizo zilizomtoa nje.

Klabu yetu pale Mwanza ilikuwa na desturi. Mgeni akimaliza pambano lake la kwanza, ashinde ashindwe, mpinzani wake alimvika taulo jipya mabegani, na ukumbi mzima ukapaza sauti, "Karibu nyumbani!" Kisha alipigiliwa msumari wake ukutani, alitundike hapo. Kabla ya siku hiyo mgeni alifanyia mazoezi uani tu. Mataulo yalitoka kiwanda kilekile cha nguo kilichompunguza mdogo wangu. Kilipofungwa tukapata mfadhili, mfanyabiashara wa minofu ya sangara, akatununulia kamba mpya za ulingo na kikombe cha kung'aa.

Mdogo wangu alipigwa raundi zote tatu.

"We mtu wa Kamanga!" mmoja alimpigia kelele kutoka kwenye mabenchi, akitaja kivuko cha kwenda kwetu Sengerema. "Nauli ya kurudi unayo?"

Watu walicheka. Naye alicheka, damu mdomoni. Nilikuwa nimesahau kicheko chake.

Mwamuzi alipomaliza kuinua mkono wa mshindi, mshindi alimgeukia kocha, mikono mbele, akisubiri taulo. Kocha akainama kwa mfadhili, aliyeketi kiti cha mbele karibu nami.

"Bosi, kuna taulo la mgeni."

"La nini? Si amepigwa?"

"La kumkaribisha, bosi."

"Mimi silipii mtu kupigwa. Zawadi ni ya mshindi. Siku hizi mambo ndivyo yalivyo."

Kocha alizitazama kamba mpya, akarudi kwenye kengele yake. Mshindi akashusha mikono. Mdogo wangu alibaki katikati ya ulingo, mabega wazi, hadi mabondia wa pambano la pili walipopanda na kumwambia, "Tupishe, ndugu."

Jumatatu nilikwenda sokoni nikanunua taulo jipya, la bluu. Nikampa jioni. Alilifungua, akalikunja tena vizuri, akaniwekea mapajani.

"Asante, kaka. Lakini hili ni la kuogea."

Wiki hiyohiyo alivuka ziwa kwenda Sengerema, kulima kwa mama. Nilipomtembelea alinipa shikamoo, akajibu maswali yangu kwa neno mojamoja, kisha akachukua jembe lake. Ngumi hakuzitaja tena, wala hakukanyaga Mwanza.

Klabu iliendelea. Mataulo ya zamani yalichakaa kwenye misumari yake, na msumari mpya haukupigwa. Siku ile ya pambano la mdogo wangu mgeni alikuwa mmoja tu, na bei ya taulo naijua kwa sababu nililipa mwenyewe. Mfadhili aliokoa shilingi elfu moja na mia mbili.